Ukungu wa Povu la Kunyolea

Laurel, Jumamosi, saa tisa alasiri

Sekela mwanangu,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu asubuhi uliniamkia nikiwa na mswaki mdomoni, nikaishia kukutikisia kichwa tu, na sitaki uondoke kesho na shikamoo isiyoitikiwa.

Wewe na mama yako mmetoka kwenda kununua mashuka ya kitanda cha chuoni. Mama yako alipokuwa anavaa viatu hapo mlangoni alinikazia macho akasema, "Baba Sekela, tukirudi uwe umemaliza." Wewe ulidhani anasema habari ya kufunga sanduku lako. Sanduku nililimaliza kwa dakika kumi, nililikalia likatii. Alichotaka nimalize ni barua hii, na barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa inakueleza namna ya kuvaa wakati wa baridi huko Minnesota. Nikaichana, maana mimi Minnesota naijua kwenye ramani tu. Ya pili ilihusu wavulana, hiyo niliichana haraka zaidi. Ya tatu ilikuwa inakuhimiza kula vizuri na kwenda kanisani, nikaona hayo umeshayasikia mpaka umechoka. Kwa hiyo hayo yote chukulia nimeyasema, tuyaache.

Nimechanganyikiwa, mwanangu. Nakuambia mapema ili usishangae barua ikienda kombo. Hata ndevu sijanyoa. Niliingia bafuni, nikatikisa kopo la povu la kunyolea nililolinunua Jumanne, halina kitu. Kopo zima! Mama yako akasema labda nimelitumia kwenye kadi zangu za salamu nikasahau. Sijalitumia. Au nimelitumia? Siku hizi hata mwenyewe sijiamini. Basi kesho utasindikizwa uwanja wa ndege na baba mwenye ndevu za siku tatu, nivumilie.

Sasa niseme jambo lenyewe kabla sijapata kisingizio cha kwenda kuchemsha chai. Bibi yako hayupo. Mama yangu alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kule kule Tukuyu, nyumbani kwake, shangazi yako Atu akiwa amemshika mkono. Ile kadi uliyoipata mwezi wa pili, siku yako ya kuzaliwa, hakuituma yeye. Niliitengeneza mimi, kwenye meza hii ninayoandikia sasa, miezi mitatu baada ya yeye kuzikwa.

Nimeliandika. 

Ninachoogopa ni kitu kimoja. Naogopa uondoke kesho, ukakae mbali na mimi miaka minne, na kila nitakachokuambia kwenye simu uwe unajiuliza kama ni kweli. Mama yako aliniambia tangu mwanzo kwamba uongo huu utanipotezea mtoto. Nikamwomba asubiri kidogo. Akasubiri mpaka Pasaka, akasubiri mpaka ulipomaliza shule mwezi wa sita, jana akasema, "Keshokutwa mtoto anaondoka. Ukishindwa wewe nitamwambia mimi, na nitamwambia na jinsi ulivyoshindwa." Unamjua mama yako, huyo hatishii bure.

Kinachonivuruga kichwa kuliko yote ni kwamba sijui kama unajua. Kuna siku naona unajua kila kitu. Kuna siku naona hujui lolote na mimi ndiye najitisha mwenyewe. Ngoja nianze mwanzo, labda nikifika mwisho nitakuwa nimeelewa.

Ulikuja nchi hii una miaka saba. Kabla ya hapo ulikaa na Bibi miaka minne, sisi tukiwa huku tunahangaika na maisha. Hiyo miaka minne yako mimi naijua kwa picha tatu na sauti ya kwenye simu. Siku tulipokupokea uwanja wa ndege ulinipita, ukamwendea mwanaume mwingine kabisa, kwa sababu alikuwa na koti kama langu la kwenye picha. Nilicheka mbele za watu. Tulipofika nyumbani niliingia bafuni nikafungulia maji ili msinisikie.

Wiki za kwanza ulikuwa hulii, na hilo ndilo lililotutisha. Ulikuwa unakaa dirishani unaangalia maegesho ya magari, tukikuuliza unaangalia nini unasema, "Naangalia kama ukungu umeshuka." Pale kwa Bibi, mlima Rungwe ukijifunika ukungu, watoto wanaitwa waingize kuni ndani. Ulikuwa unasubiri kuitwa. Hapa Laurel ukungu wa namna ile ningeutoa wapi, na kuni nani anazo?

Mimi nilikuwa nimeanza kazi kwenye nyumba ya wazee kule Riverdale Park, kazi hii hii ya kuwaogesha na kuwalisha ninayofanya mpaka leo. Kila Jumatano alikuwa anakuja dada mmoja kuwafundisha wazee kutengeneza kadi za salamu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwashikia mikasi na kuwafungulia gundi. Bi Dorothy, yule mzee aliyekupa kofia ya sufu, akaniambia, "Mbona umesimama unatazama tu? Kaa hapa." Nikakaa. Kadi yangu ya kwanza niliibandika ua la kitambaa kichwa chini, na wazee wote wakaisifu.

Hapo ndipo wazo likanijia. Nikampigia Bibi kwa zile kadi za simu za kukwangua, nikamwambia, mama, mtoto hatulii, sema neno nimwandikie. Kuandika hakujua, lakini kusema, weee! Alianza na mbuzi, akaja kwa majirani, akaja kwa mvua, akaniuliza unakula nini huko na nani anakusuka nywele, akasema na neno la kukuambia wewe, akarudi kwa mbuzi, mpaka yule mwanamke wa kwenye simu akatuambia imebaki dakika moja. Nikayaandika yote nyuma ya karatasi ya ratiba ya zamu. Nikatengeneza kadi, nikakuletea, nikasema imetoka kwa Bibi. Ulilia siku hiyo kwa mara ya kwanza, ukalala na kadi chini ya mto. Ikawa desturi yetu. Kila siku yako ya kuzaliwa na kila Krismasi kadi inafika kutoka Tukuyu, haina stempu, nami nasema ilikuja ndani ya bahasha ya shangazi.

Mpaka hapo sikuona kama ni uongo. Maneno yalikuwa yake, mikono tu ndiyo yangu. Lakini nikuambie nililokuwa nafanya. Nilikuwa nayapunguza. Bibi alisema, "Mwambie Sekela kitanda chake nakitandika kila Jumamosi, hata kama hakuna anayekilalia." Nikaona hilo litakuliza, nikaandika, "Bibi ni mzima na anakusalimu." Alisema, "Mwambie nimemkasirikia baba yake kwa kumchukua, ila yeye sina neno naye." Hilo nililiacha kabisa, na unajua kwa nini. Mwaka mmoja alisema, "Muulize kama bado anaogopa radi, maana siku hizi naogopa mimi na sina wa kumkumbatia." Mimi nikaandika, "Soma kwa bidii." Miaka kumi, Sekela, mama yangu anakutumia moyo wake na mimi nakuletea soma kwa bidii.

Halafu akafa. Shangazi alipiga simu Alhamisi asubuhi, wewe uko shule. Jumamosi ile ulikuwa na mtihani wako wa kuombea vyuo. Kwetu tumezoea hivi, na usidhani ni roho mbaya: mtoto akiwa na mtihani, anafichwa msiba. Mimi mwenyewe nilifichwa kifo cha baba yangu nikiwa kidato cha nne. Nilifanya mitihani yote, nikapanda basi kurudi nyumbani na betri nne nilizomnunulia kwa ajili ya redio yake, nikakuta kaburi limeshaota nyasi. Nilizishika zile betri sijui nimpe nani. Nilimnunia mama yangu mwezi mzima, na niliapa sitakuja kumfanyia mtoto wangu hivyo. Niliapa! Na Alhamisi ile sikufikiri hata dakika moja. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Mtoto asijue kwanza, ana mtihani."

Msiba tuliuweka Riverdale Park kwa rafiki yangu Baba Rehema, ili watu wasije hapa kwetu ukashtuka. Walikaa kwenye mikeka pale sebuleni, Watanzania, Wakenya, hata jirani yake Mkongo alikuja na mkewe. Baba Rehema ni Mwislamu, lakini ndiye aliyekuwa anagawa vitabu vya nyimbo na kuuliza nani hajapata chai. Wewe nilikuambia niko ovataimu. Nilikuwa nalia huko, nikifika kwenye ngazi zetu nafuta uso, naingia nakuuliza habari za shule. Kuzika sikwenda. Makaratasi yetu yalikuwa bado hayajakamilika, mwanasheria akasema nikitoka huenda nisiruhusiwe kurudi. Kwa hiyo mama yangu alizikwa sipo, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe hakuna aliyenipa pole, kwa sababu ndani ya nyumba yangu hapakuwa na msiba. Nililitaka mwenyewe.

Mtihani ukapita. Nikasema nitakuambia Jumapili. Jumapili ukaja na insha ya kuombea chuo, umeandika habari za Bibi na ukungu wake, ukaniuliza Rungwe inaandikwaje. Sasa hapo ningesemaje? Nikasema nitamwambia akishaituma. Ulipoituma ikawa Krismasi, nikasema siwezi kumharibia Krismasi. Krismasi hiyo hukupata kadi, nikasingizia posta ya nyumbani. Ukasema basi tumpigie. Nikasema Bibi siku hizi hasikii vizuri kwenye simu. Lo! Unajisikia kabisa ukisema maneno hayo, unaomba mdomo ufunge, na mdomo unaendelea.

Ikabaki siku yako ya kuzaliwa, unatimiza miaka kumi na minane. Nikajua kadi ya mwaka huu lazima iwe na ukungu. Miaka yote nilikuwa nimeshindwa kuutengeneza. Nilijaribu chaki, ikawa vumbi. Nilijaribu sponji na rangi ya maji, ikatoka kama mvua. Bi Dorothy akaniambia yule dada wa Jumatano amewaletea njia mpya ya kutengeneza mandharinyuma, yaani ule upande unaokaa nyuma ya picha yote. Unachukua sinia la kuokea, unamimina povu la kunyolea, unalisawazisha kwa rula. Unadondosha rangi ya chakula, tone hapa tone pale, unazivuta kwa kijiti cha meno. Kisha unalaza karatasi juu ya povu, unaibonyeza kidogo, unaiinua.

Basi nikainua. Uchafu mtupu! Povu limeng'ang'ania karatasi, rangi haionekani. Mimi nikajua povu lenyewe ndilo ukungu, kwamba likikauka litabaki vile vile limevimba. Nikaiweka juu ya friji. Kesho yake povu limenywea, limepasukapasuka, karatasi imejikunja. Nikafanya ya pili, safari hii nikakoroga rangi kupita kiasi, ikatoka rangi ya tope. Ya tatu nilitumia karatasi ya kung'aa, rangi ikateleza yote. Mama yako alinikuta hapa mezani na lile sinia, mapovu mpaka kwenye viwiko, akauliza, "Unamnyoa nani?" Siku nyingine ningecheka.

Nikaibeba ile iliyokaukiwa na povu mpaka kazini. Bi Dorothy aliishika kwa ncha za vidole. "Hukulikwangua," alisema. "Povu si la kuacha. Ukiinua tu karatasi, papo hapo unachukua rula unalikwangua lote, usilionee huruma. Picha iko chini yake." Nikarudi nikafanya hivyo. Nilivuta rula mara moja, povu likaondoka, na chini yake, haki ya Mungu, ukungu. Kijivu na buluu, na kijani kidogo pembeni, unashuka vile vile unavyoshuka kwenye mashamba ya chai. Nilikaa hapa nikauangalia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimlilia mama yangu ndani ya nyumba hii, mchana, peke yangu, rula iko mkononi. Kisha nikaiweka kadi chini ya kitabu cha simu ikauke bila kujikunja, kama ninavyofanya kadi zote.

Ndani sasa sikuwa na la kuandika. Nyuma ya ratiba za zamu hapakuwa na neno jipya, na halitakuwepo tena. Nikatunga. Nikaandika, "Mjukuu wangu, Bibi anakupenda sana na anajivunia wewe." Naona aibu kulirudia. Bibi alisema hivyo lini? Hayo ni maneno ya kadi za dukani. Bibi angesema umekonda.

Nilikupa asubuhi ukiwa unakunywa chai. Ulifungua bahasha, ukauangalia ule ukungu muda mrefu. Ukaisogeza kadi usoni, nikadhani unaibusu. Ukaishusha. Ukaniangalia, ukaangalia kidevu changu, ukasema taratibu, "Tell Bibi asante." Ukachukua mkoba ukaenda shule.

Sikuelewa kitu. Nilikuja kuelewa wiki mbili baadaye, nilipomtengenezea Bi Dorothy kadi ya shukrani kwa njia ile ile. Aliinusa akafumba macho. "Inanukia kama mume wangu asubuhi," alisema.  Harufu ile ya mnanaa mimi siisikii tena, niko nayo kidevuni miaka nenda miaka rudi. Kadi ya kutoka Tukuyu inanukia bafu letu la Laurel! Mwongo gani huyo anayepaka uongo wake harufu ya kidevu chake?

Tangu siku hiyo sijui nishike lipi. Hukuomba tena kumpigia Bibi, nikasema, basi anajua. Lakini hukulia, hukunigombeza, hukubamiza mlango kama ulivyofanya nilipokukatalia ile safari ya New York, nikasema, basi hajui. Halafu ukaanza Kiswahili. Miaka yote nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, nimeshazoea, ghafla kila asubuhi "Shikamoo Baba," "Umeamkaje Baba," na kila jioni "Pole na kazi Baba." Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa naogopa! Najiuliza, hii ni heshima? Ni huruma? Au ndiyo namna vijana wa huku wanavyokasirika? Nilimuuliza mama yako, akasema, "Muulize mwenyewe," akaendelea kukata vitunguu. Jibu gani hilo, jamani?

Nilijaribu kukuambia mara moja. Unakumbuka siku ile ya mvua niliyokufuata shuleni, tukakwama kwenye foleni ya Route 1? Nilizima redio. Nikasema, "Sekela." Ukasema, "Naam, Baba," ukanigeukia mzima mzima, ukasubiri. Neno lenyewe lilikuwa limefika mdomoni, nakuambia. Nikasema, "Umefunga mkanda?"  Ukasema, "Nimefunga, Baba," ukageuka kuangalia dirishani. Mkanda ulikuwa umeufunga tangu tunatoka, nilikuwa nauona.

Na mwezi wa tano uliniomba nikufundishe kutengeneza kadi kwa lile povu. Nilikuambia niko bize. Sikuwa bize hata kidogo. Niliogopa kukaa na wewe mezani, lile povu likiwa katikati yetu.

Nimefika mwisho na bado sijaelewa vizuri, lakini jambo moja naliona. Nilidhani nakulinda. Sikuwa nakulinda wewe. Maadamu wewe hujui, palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake mama yangu hajafa, na mtu huyo alikuwa anakaa chumba cha pili. Ukisema "Bibi anaendeleaje?", kwa dakika ile anakuwa anaendelea. Nilikunyima kilio chako ili mimi nisianze changu. Huko uendako, siku ukijikuta unamficha mtu jambo kwa ajili yake, jiulize kidogo ni kwa ajili ya nani. Hilo tu, silirudii.

Nakupa kitu. Zile ratiba za zamu sikuzitupa. Zote ziko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kabati la makoti, na nyuma yake kuna maneno ya Bibi kama alivyoyasema, sijayapunguza. Nyingine mwandiko umelala kwa sababu dakika zilikuwa zinaisha. Kitanda kimo, radi imo, hata hasira yake kwangu imo. Hizo ndizo kadi zako za kweli. Ngoja nitafute bahasha kubwa nizitie pamoja na barua hii, kisha niisukumie ndani ya sanduku lako, katikati ya masweta, uikute ukiwa umeshafika.

Nimerudi. Sijui hata niandikeje.

Bahasha kubwa huwa naziweka chini ya kitabu cha simu. Nimekiinua. Nimekuta karatasi mbili za jikoni, na katikati yake kadi ambayo si yangu. Ina ukungu. Ukungu mzuri kuliko wa kwangu, umekwanguliwa safi mpaka kwenye kona, kijivu kitupu, na juu pameachwa peupe mahali mlima unapotokeza. Nimeinusa. Mnanaa. Kumbe ndiko lilikoishia kopo langu la Jumanne!

Nimeifungua, nisamehe. Ni mwandiko wako:

"Baba, pole sana kwa kufiwa na mama yako. Nilimpigia Shangazi mwezi wa pili, akaniambia yote. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nasubiri umalize mtihani wako. Mimi nimeshamlilia Bibi. Lia na wewe, Baba. Sekela."

Nimekaa chini hapa jikoni, mgongo kwenye friji, na nimelia kwa sauti, sikufungulia maji. Miezi tisa, mwanangu, hakuna aliyeniambia pole ndani ya nyumba hii. Na wewe ulikuwa unaniambia kila jioni, "Pole na kazi Baba," na mimi nakuogopa.

Nimeirudisha kadi pale pale, nimeifunika, maana bado ina unyevunyevu na naona ulipanga kunipa kesho. Nikafikiri, kesho akinipa nitashtuka, nitajifanya sijaiona. Na kweli, nimesimama mbele ya kioo cha bafuni nikaanza kuujaribu huo uso wa kushtuka! Mtu huyu hafundishiki. Hapana. Nimejifanya vya kutosha.

Nasikia mlango wa gari huko chini, na sauti ya mama yako ikilalamikia mfuko uliochanika. Barua hii siiweki kwenye sanduku. Nitakupa mkononi, pamoja na mfuko wa Bibi, sasa hivi, na uso wangu uko hivi ulivyo. Najua utaingia na shikamoo yako, lakini leo nitakuwahi. Hata wewe ulifiwa, na mimi baba yako sikukuambia neno.

Pole, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na bibi yako.

Baba